Nimemfungia mama choo cha kukaa kwa mikono yangu, kikakaa vizuri, akakikataa

Wakuu, habari za mchana. Sipunguzi wala siongezi, na mkinicheka nitacheka na nyie.

Niko Kilwa Masoko. Goti lilimgomea mama kuchuchumaa, akahamia kwa dada Lindi mjini, kwenye choo cha kukaa. Nyumba imepoa miezi minane. Kila nikipiga simu: "Choo kikiwa tayari nitarudi, mwanangu."

Fundi ananipa kesho, keshokutwa. Nikasema nafunga mwenyewe! Mimi muuza samaki, tindo sijawahi kushika. Nikaangalia video mbili, nikajiona injinia.

Nikang'oa sinki la zamani la kuchuchumaa, nikalaza bomba, nikakikaza choo kwa simenti. Siku ya tatu namwaga ndoo ya maji, yote yakashuka, hakuna tone linalovuja. Wakuu, nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna harusi gani!

Jumamosi mama akaja na dada. Akaingia chooni, akatoka hapo hapo.

"Omari, we unaswali umeelekea wapi?"

Nikanyoosha mkono kaskazini. Ukaenda moja kwa moja kwenye ukuta ambao choo kinautazama.

Astaghfirullah! Mswala wangu uko chumba cha pili, kibla naijua, ila mimi nilifuata bomba tu.

"Mie sikai hapo nimeelekea kibla. Kibla ni ya swala, haielekewi kwa haja. Dada yako asifungue begi, jioni tunarudi Lindi."

Nikashika tindo.

Nagonga pole pole, kikipasuka nimekwisha. Kikatoka kizima! Nikaongeza elbo, kile kiungo cha kukunja bomba, nikakigeuza kitazame mashariki. Safari hii nikafunga kwa skrubu, maana muda wa kusubiri simenti ikauke sina. Mama kaketi mlangoni na tasbihi, ananisimamia: "Kidogo tena. Hapo hapo."

Alasiri akaingia, akafunga mlango. Mimi na dada tuko nje kama tunasubiri matokeo ya mtihani.

Tukasikia maji yanashuka.

Akatoka anapangusa mikono kwenye kanga. "Begi langu liingizeni ndani. Na redio yangu mmeiweka wapi?"

Wakuu, nina furaha sijui niseme nini!

Nilichojifunza: video inakufundisha kufunga choo, ila haimjui mama yako. Muulize kwanza atakayekaa.

Nyie mmewahi kujenga nini kikakataliwa na mwenyewe? Mwageni hapa. Na anayejua kupaka rangi anisaidie mawazo, maana mama keshaanza kuzitazama kuta.