Chupa za Furu

Nilipata nafasi mbili za chuo, udaktari na sayansi ya viumbe vya majini, nikapewa siku chache za kuthibitisha moja. Moyo wangu ulikuwa kwa furu, vile visamaki vidogo vya ziwani ambavyo nilikuwaga naviokota kwenye nyavu za wavuvi wa Bukima huku wakinicheka. Nilivihifadhi kwenye spiriti, chupa kumi na moja zenye namba, nyumbani kwetu Butiama.

Nikiwa bado Musoma mjini nawaza, baba akachinja dume la ng'ombe. Aliita ukoo mzima na wazee wa kanisa, akawatangazia kwamba binti yake anakwenda kuwa daktari. Nilifika jioni, nikamwambia sijaamua. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

“Watu wameshakula, mwanangu. Sasa nikawaambie watapike?”

Nikathibitisha udaktari.

Leo natibu watu Bunda. Kila asubuhi nikivaa koti jeupe naona nimevaa nguo ya mtu mwingine, na wagonjwa wakinishukuru natamani kuwafokea. Sioni pa kutokea.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani, nikaziulizia chupa zangu. Mama alifungua kabati kwa furaha. Zilikuwa zimeoshwa, zimejaa samli, na namba zangu bado zimebandikwa. Nilimuuliza samaki aliwamwaga lini.

“Siku ile ya dume,” alisema. “Asubuhi, kabla hujafika.”