Katiba Niliyoiandika kwa Hasira ya Sombe

Kosa ni langu, msinitafutie mtetezi. Jina langu niachieni, na kabila langu niachieni pia, maana mkilijua hilo mtanijua na mimi. Hapa Beechmont, Louisville, tunajuana mpaka rangi za mapazia.

Mimi ndiye yule mama aliyewagawa watu wetu kwa makabila. Mbele ya watu nilisema ni kwa ajili ya kulinda mila. Uongo mtupu! Ilikuwa kwa ajili ya sombe.

Sisi tulitoka mashariki ya Kongo, tukakaa kambini Tanzania miaka na miaka, halafu tukaletwa Marekani na kumwagwa huku na huku: wengine Louisville, wengine Columbus, wengine Buffalo. Kambini hakuna aliyeuliza kabila. Mtu akifa, tunapika. Mtu akioa, tunapika. Na mkubwa wa jikoni alikuwa Mama Neema, jirani yangu wa tangu enzi hizo. Ndiye aliyempokea binti yangu Riziki siku aliyozaliwa, kwa mikono yake, ndani ya hema linalovuja.

Lakini Mama Neema ana mdomo. Kwenye harusi ya kijana wangu nilipika sombe, yale majani ya muhogo, nikayatwanga mwenyewe mpaka mabega yakafa ganzi. Mama Neema akaonja mbele ya wote, akaweka kijiko chini.

"Bon, iko muzuri. Lakini hii chumvi, uliweka mufuko muzima?"

Jikoni nzima ikacheka. Hata mkwe wangu mpya alicheka, mtoto wa watu hana hata siku moja kwangu! Nikacheka nao, huku moyoni nikiapa kwamba mwanamke huyu hatagusa tena sufuria yangu.

Ningeweza kumvuta pembeni nikamwambia, "Dada, umeniaibisha." Yangeishia hapo. Aka! Mimi nikaenda kutafuta katiba.

Wazo nililipata Buffalo. Riziki anakaa kule, West Side, na nilikuwa nimekwenda kumtembelea. Wakati wa kurudi, mchumba wake alinisindikiza kwa gari, tukasimama kujaza mafuta kwenye eneo la wenyeji wa asili wa nchi hii, kwa sababu petroli yao ni rahisi. Akanieleza kwamba pale ni kwao kabisa: wana serikali yao, sheria zao, viongozi wao. Kabila linajitawala ndani ya Marekani! Nikatoa macho. Na kule kwetu katiba inatambua chefferie, yaani eneo la mwami, chifu wa jadi, na watu wake. Basi sisi tumekosa nini? Na Mama Neema si wa kabila letu.

Umoja wetu wa miji mitatu ulikuwa ndiyo kwanza unaandika katiba. Tulikutana Columbus, maana ni katikati, chini kwenye besimenti ya kanisa. Nikasimama. Jamani, niliongea! Nikawatolea mfano wa wale wenyeji wa asili wa kule Buffalo, nikasema mila zinapotea, watoto wanatujibu kwa Kiingereza, kila kabila liwe na chefferie yake, lijiamulie harusi zake, misiba yake na magomvi yake. Mtu wa kabila lingine akija, akae kama mgeni: hana neno kikaoni, na jikoni haingii. Hayo ya jikoni niliyasema harakaharaka, nikakohoa, nikaendelea.

Papa Ezekieli, rais wetu, mzee anayependa vifungu kuliko chakula, akajikuna kichwa.

"Donc, mama, bale batu ba Buffalo beko na udongo yabo. Shiye tuko na besimenti, na yenyewe ni ya pasta. Chefferie itatawala nini?"

"Itatawala heshima!" nikajibu.

Makofi! Wanaume ndio walipiga zaidi, kila mmoja akijiona mwami tayari. Papa Ezekieli akauliza mtu atajulikanaje ni wa kabila gani, kwa jinsi tulivyooana hovyohovyo. Nikajibu bila hata kumeza mate, "Kabila ni la baba. Kila mtu afuate la baba yake." Ikaandikwa. Nikadai pia isibadilishwe mpaka miji yote mitatu ikubali. Nayo ikaandikwa.

Mama Neema alikuwa anaosha sufuria za watu waliokula.

Haukupita muda, shemeji yangu akafariki hapa Louisville. Mama Neema akaja matangani na sombe yake ya moto, ameifunga kwa taulo. Nikamzuia mlangoni pa jikoni.

"Dada, kifungu kinakataza. Kaa na wageni."

Akaniangalia. "Miye ni mugeni kwako?"

Akaiacha sufuria kwenye ngazi za nje, akaenda kukaa na wageni. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi!

Kisha ikaja harusi ya Riziki. Baba yake alitufia kambini, kwa hiyo binti huyo nimemlea mwenyewe, na huku Marekani nimembebea maboksi ghalani mpaka kiuno kikagoma. Nilishona kitenge kipya kwa ajili ya kile kiti cha mbele, kiti cha mama anayetoa binti. Nikiwa bado najiangalia kwenye kioo, Papa Ezekieli akapiga simu.

"Mama, baba yako alikuwa kabila gani?"

Simu nusura inidondoke. Baba yangu! Nilikuwa nimemsahau baba yangu! Niliolewa mdogo, nikashika lugha ya mume wangu, mila zake, hata matusi yake, nikajiona wa kwao tangu tumboni. Lakini baba aliyenizaa alikuwa wa kabila la Mama Neema. Kwa kifungu changu mwenyewe, Riziki ni wa chefferie ya marehemu mume wangu, na mimi niliyemzaa ni mgeni. Wala si mimi peke yangu! Akina mama wengi wa umoja walijikuta upande mmoja, watoto wao upande mwingine. Simu walizonipigia siku zile sitaki kuzikumbuka.

Nikamlilia Riziki.

"Mom," akasema, "ni wewe uliandika."

Alijaribu kuwaomba viongozi wa miji yote mitatu wabadilishe kifungu, maskini. Lakini shangazi yake wa Columbus, dada wa mume wangu, alikuwa ameshashona nguo ya kukalia kiti changu.

Siku ya harusi, Buffalo, shangazi huyo ndiye aliyesimama mlangoni pa ukumbi, anatabasamu mpaka masikioni. "Wifi, kifungu kinakataza. Kaa na wageni." Maneno yangu, bila kupunguza hata moja!

Nikabaki nimesimama nje na kitenge changu kipya. Hapo mkono ukanishika. Mama Neema.

"Kuya. Weye uko wa kwetu."

Sikuwaambia kwamba bwana harusi ni wa kabila la Mama Neema. Na sasa lilikuwa langu pia! Basi nikaingia na upande wa bwana harusi, nimebeba beseni la zawadi kichwani, kuja kumwomba binti yangu mwenyewe. Chekeni tu, hata mimi ningecheka ingekuwa ni mwingine.

Ukafika wakati wa kitenge cha mama, kile ambacho bibi harusi humpa aliyemlea. Riziki akapiga magoti mbele ya shangazi, akampa. Macho yake yalikuwa yanazunguka ukumbini. Yakanikuta nyuma, katikati ya wakwe. Nilitaka kupiga vigelegele, lakini upande wa kijana hauna ruhusa kabla binti hajatolewa. Nikaing'ata ncha ya kitenge changu. Iliniuma! Iliniuma kuliko kumzaa. Kitenge kile alichopewa shangazi kiko Columbus mpaka leo.

Kesho yake tukarudi Louisville, mimi na Mama Neema, kijana wangu akiendesha. Tukasimama pale pale kwenye petroli rahisi. Kijana akapiga soga na mama anayeuza dukani, akarudi garini anacheka peke yake. Eti kwa watu wale, mtoto hufuata kabila la mama.

Mama Neema alicheka mpaka soda ikamtoka puani.

"Uliiba katiba ya batu, ukaacha kipande yenye ilikuwa yako!"

Nikalia na kucheka kwa pamoja. Nikamwambia, "Nisamehe ile sufuria ya kwenye ngazi." Akafuta macho, akasema amesamehe, lakini anataka kusikia kitu kimoja kutoka kinywani mwangu.

Nikajifanya nimelala mpaka tukapita Columbus. Halafu nikakisema.

"Chumvi ilizidi."

Ninyi mnaotaka kujitawala kila mmoja na kabila lake, sina la kuwafundisha kuhusu vifungu. Ila kabla hamjasimama kuongea na kupigiwa makofi, rudini kwanza jikoni, mwonje mlichopika.