Mwisho wa Wimbo wa Yai

Bendi yenyewe ni ya Waingereza, wazee sasa, na nasikia wengine wao wameshakufa. Sisi hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, tunawaita Watu wa Angani, kwa sababu nyimbo zao zote ni za kuondoka duniani, na hilo unalielewa hata kama hujui neno moja wanaloimba. Kinanda kinavuma kama upepo ndani ya pipa tupu, gitaa linalia mbali huko, halafu ngoma inaingia taratibu kama mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani. Mimi Kiingereza sijui. Shule niliishia klasse ya saba, na Kireno changu ni cha kuuzia na kununulia. Lakini nikivaa visikilizi nikaziba masikio kwa zile nyimbo, meza ya mama mdogo ya kapulana, vile vitenge vyetu, inanyanyuka na mimi juu yake, tunaupita mnara wa simu, tunakwenda. Mama mdogo husema ipo siku wateja watazibeba kapulana zote mimi nikiwa mwezini.

Mashabiki wa bendi hiyo tulikuwa watatu mjini, na wawili kati yetu hawakuelewana hata siku moja.

Wa kwanza ni kaka mmoja anayeuza bataria na vioo vya simu, kibanda chake kinatazamana na meza yetu. Kwao ni Mtwara, ila amekulia hapa, na hukaa akivuka Ruvuma kufuata mali. Yeye ndiye aliyeileta bendi. Alinunua simu kuukuu huko ng'ambo, akakuta mwenyewe wa zamani ameacha albamu tatu ndani. Kwa kuwa majina hatukuweza kuyasoma vizuri, tukazipa majina ya picha zake: ya Yai, yaani lile yai kubwa linaloelea angani, ya Ngazi, na ya Bahari Kavu. Wa pili ni bwana mmoja wa Beira, tunamwita senyor, mtumishi katika ofisi ya wilaya. Siku moja alikuja kununua chaja, akasikia wimbo kibandani, akasahau chaja. Wa tatu ni mimi.

Kaka anaamini bendi ilikufa baada ya albamu ya Yai, pale mpiga kinanda wao wa kwanza alipoondoka, na yaliyofuata ni biashara tu. Senyor anaamini albamu ya Yai ni ya watoto wanaojifunza, na bendi ilizaliwa hasa kwenye ya Bahari Kavu. Hayo walikuwa wakiyasema kila jioni baada ya kazi, kila mmoja na soda yake, na mimi nikicheka na kuongeza kuni pale moto unapopungua. Zilikuwa jioni nzuri. Nazisema nzuri kwa sababu bibi alikuwa bado hajausikia ule wimbo.

Wimbo unaoipa albamu ya Yai sifa yake ni mmoja, mrefu kuliko khutba ya Ijumaa. Mimi nilikuwa nao nusu. Kijana anayetuingizia nyimbo kwenye kadi za simu sokoni huzikata nyimbo ndefu ili kadi ipokee nyingi, maana wateja wake wanahesabu wingi, hawahesabu urefu. Aliukata wa Yai pale pale ngoma inapopamba moto. Na ile simu kuukuu ilikuwa imeshatumbukia Ruvuma, ikanywa maji ikafa. Kwa hiyo nusu ile ndiyo ilikuwa wimbo mzima kwetu. Kaka, aliyewahi kuusikia wote, alishausahau mwisho, akafika mahali pa kusema kukatika kwake ndiko ufundi wenyewe. Eti unaachwa hewani makusudi.

Sasa bibi. Ni bibi mzaa mama, anakaa nasi tangu yeye na wenzake walipoikimbia vita huko kwao Mucojo. Huko alikuwa mpigaji wa chapuo, ile ngoma ndogo, kwenye ngoma za kupunga pepo. Asubuhi moja alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, mimi naosha vyombo, simu nimeitundika dirishani. Wimbo wa Yai ukaenda, ukaenda, nikaona mkono wa bibi unaifuata ngoma kwa kifuu. Halafu ukakatika kama kawaida yake. Bibi akaacha kukuna.

"Kilichobaki kiko wapi?"

"Hakuna, bibi. Kimekatwa sokoni."

"Nani anakata ngoma mtu akiwa juu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliondoka akaiacha nazi nusu kwenye kifuu, jambo ambalo bibi hafanyi.

Nyumbani tunajua wote sababu. Kwao, pepo huitwa kwa ngoma yake, na akishapanda kichwani mwa mgonjwa, ngoma haiachwi mpaka ashushwe, kwa mapigo ya kufungia. Ukiiacha katikati, mgonjwa anabaki nusu huku nusu huko. Siku walipokimbia Mucojo walikuwa wanampigia mdogo wake bibi. Pepo ameshapanda, bibi mkononi ana chapuo, bunduki zikalia, watu wakaanza kukimbia kuelekea msituni. Bibi aliitupa ngoma akamkamata mdogo wake mkono. Walifika salama. Mdogo wake yuko Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, si kile kisiwa, kwa mwanawe, anakula, anaswali, ila hasemi na mtu isipokuwa kuitikia. Bibi hulibeba hilo kama kosa lake. Baba alikwishamwambia mara nyingi kwamba mambo hayo hayana msingi katika dini, na bibi humjibu vizuri kabisa, kisha hurudi kwenye nazi zake.

Tangu asubuhi ile alianza kuniuliza. Nikirudi sokoni, kabla hata sijavua viatu: umekipata kilichobaki? Hali vizuri, mchana halali. Nikaona jambo lenyewe ni dogo, nitalimaliza kwa siku mbili. Nina mashabiki wawili wenye akili, mmoja anakwenda Mtwara ambako mtandao unavuta, mwingine ana kompyuta.

Kaka akasema bila wasiwasi, safari ijayo anaishusha albamu nzima. Akaenda, akarudi, nikamkimbilia hata mizigo hajatua. Alikuwa ameleta albamu ya Ngazi. Nzima, safi. Akaniambia kwa furaha kwamba ndani yake kuna ushahidi wa kumnyamazisha senyor, sikiliza kinanda hapa, hiki ni kinanda cha mtu aliyekata tamaa. Kifurushi chote cha intaneti alikimalizia hapo.

"Na wa Yai, kaka?"

"Ah, mdogo wangu. Ule si tunao?"

Nikaenda kwa senyor. Yeye alikuwa nao kweli kwenye kompyuta, lakini ule waliopiga jukwaani mbele ya watu, ambao ukikaribia mwisho unageuka kuwa wimbo mwingine bila kutua. Nilimwambia kuwa bibi yangu anahitaji ule wa kwenye albamu, na nikamweleza kwa nini. Alisikiliza vizuri, ni mtu mpole, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Kolega, mwenzangu, lakini wa jukwaani ndio bora. Huo wa albamu haujakomaa. Mpe bibi huu."

Bibi hakuwa anatafuta ulio bora. Nilijaribu kuuvuta mwenyewe kwa simu yangu, nimesimama karibu na msikiti mkuu ambako mtandao husogea kidogo. Kile kimstari cha kupakulia kilifika robo kikaganda. Bando likaisha kikiwa kimeganda hapo hapo.

Mimi si mtu wa kununa, watu wa soko wanajua. Siku zile nilinuna. Nilikuwa nikiwatazama wale wawili wanavyobishana kwa raha, mishipa ya shingo nje, kuhusu nani kamfundisha nani, na bendi gani za leo zimewaiga, na kama mpiga kinanda asingeondoka ingekuwaje, nikawa najiuliza kama katika hao yupo anayesikiliza nyimbo. Kaka akimwambia senyor, wewe bendi hii umeikuta imeshapoa, umekula ukoko. Senyor akimjibu kwamba kaka ameipenda bendi kwa kuwa alinunua simu ya bei nafuu. Wanacheka, wanaagiza soda nyingine. Na mimi nyumbani nina mtu anayeniuliza swali moja kila jioni.

Ndipo senyor akaja na habari ya redio. Redio ya jamii ina kipindi cha vijana Jumamosi mchana, kinachoishia adhana ya alasiri, na wamempa nafasi tuzungumzie bendi yetu, tupige na nyimbo. Bahati ikaangukia wiki ile ile kaka amerudi kutoka Mtwara, na safari hii, baada ya mimi kumwandikia ujumbe mpaka akaona haya, alikuja na wimbo wa Yai mzima kwenye kadi. Akakataa kunipa. Alitaka mji mzima uusikie kwa mara ya kwanza hewani, pamoja, iwe historia. Niseme ukweli, na mimi nililipenda wazo hilo. Niliuona mji wote wa Palma unanyanyuka kidogo. Nikamwekea bibi redio juu ya kiti, nikamwambia leo utasikia mpaka mwisho. Alioga, akavaa kapulana ya sikukuu.

Tuliingia studio, maikrofoni moja watu watatu. Mtangazaji akauliza swali jepesi tu, hii ni bendi gani. Kaka akajibu. Senyor akasema angependa kurekebisha kidogo. Basi. Walianzia hapo. Walimzika mpiga kinanda, wakamfufua, wakamzika tena. Senyor alipokosa neno la Kiswahili alihamia Kireno, kaka akamwambia hapa siyo ofisini, mtangazaji akacheka mpaka akatoka machozi. Mimi nilikuwa nikiitazama saa ya ukutani, nikimgusa kaka kiwiko. Alidhani namuunga mkono, akazidi.

Wimbo ulipoanza, saa ilikuwa imeshakwenda. Kinanda kikavuma, gitaa likalia, ngoma ikaanza kupanda. Ukafika pale tunapopajua, pale pa kukatwa, ukapita. Nywele zilinisimama. Tulikuwa tumeingia nchi mpya kabisa. Halafu mtangazaji akanyoosha mkono akaushusha, adhana ya alasiri ikaingia. Siilaumu adhana. Saa yake inajulikana na kila mtoto wa mji huu, na wale wawili walikuwa wanaijua kuliko mimi.

Nje ya studio walikuwa wanapongezana kwa namna yao. Senyor anasema umenishinda kwa kelele, kaka anasema nimekushinda kwa hoja.

"Kaka, nipe kadi."

"Ngoja kwanza, mwambie huyu, pale niliposema kuhusu Ngazi—"

"Nipe kadi, kaka. Bibi yangu anangoja."

Sijui aliona nini usoni kwangu. Aliichomoa akanipa, na hoja ya Ngazi akaiacha hapo hapo, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Nilimkuta bibi amekaa pale pale mbele ya redio, amefunga kapulana yake vizuri, anatazama chini. Hakuniuliza. Nikaweka kadi kwenye simu, simu nikaiweka ndani ya bakuli ili sauti ikue, tukasikiliza toka mwanzo. Tulipapita pa kukatwa. Ngoma ikazidi, bibi akakifuata kipigo kwa vidole gotini, macho amefumba. Nikawa nangoja ule mshindo wa mwisho ambao nimeuota miezi. Haukuja. Sauti ilianza kupungua, ngoma bado inapigwa lakini inakwenda mbali, mbali zaidi, mpaka nikawa nasikia kuku wa jirani tu.

"Mwisho uko wapi?" bibi akauliza.

"Ndiyo mwisho wenyewe, bibi. Unafifia tu."

Akaliinamia bakuli.

"Na hawa nao walikimbia?"

Nilitaka kulia kwa hasira. Nilimkasirikia kaka, nikamkasirikia senyor na kompyuta yake, na hao Waingereza wenyewe huko waliko, kwamba wanasifiwa dunia nzima na kufunga ngoma hawawezi. Lakini bibi alikuwa ameinuka. Alilichukua dumu la maji, akamwaga yaliyobaki kwenye ndoo, akalipakata.

"Mpigie mdogo wangu."

Nikapiga Pemba. Akapokea mwanawe, nikamwomba ampe mama yake simu, asiulize. Bibi hakusalimia. Aliniashiria niishike simu karibu na dumu, akaanza. Alianza palepale ule wimbo ulipopotelea, kwa mwendo ule ule wa Watu wa Angani, naapa, akaubeba peke yake, kisha akaugeuza polepole ukawa wa kwao, wa Mucojo. Alipofika kwenye mapigo ya kufungia, aliyapiga kwa kiganja kizima, yaliyopangana, hayana haraka. Akatulia mkono juu ya dumu.

Upande wa pili kimya. Nilidhani laini imekatika, maana ndiyo kawaida ya mambo yangu. Halafu sauti nyembamba ikasema, "Mbona umechelewa, dada?"

Bibi aliichukua simu akageukia ukutani. Walizungumza habari za mihogo na magoti mpaka salio langu likaisha.

Jumatatu nilikwenda kibandani. Walikuwa wote wawili, wamekaa kama watoto waliovunja kitu. Nikawasimulia yote, mpaka dumu. Nikawaambia wimbo wa Yai sasa una mwisho, na mimi nimeusikia. Kaka akauma mdomo. Senyor akavua miwani akaifuta. Nikadhani hapo walau tutanyamaza pamoja kidogo.

"Lakini, kolega," senyor akasema, "hapo alipoanzia bibi, ule mwendo ni wa albamu au ni wa jukwaani?"

"Wa albamu, bwana," kaka akadakia. "Hujasikia? Wa jukwaani ungempotezea mgonjwa."

Nikavuta kigoda changu nikarudi kwenye kapulana.