Walipima protini za kansa yangu ya utumbo, nikakataa kuambiwa nitaishi miaka mingapi

Ni mwaka ule maharage yalioza shambani kwa mvua, huku juu Uluguru tukala magimbi asubuhi, mchana na jioni. Wenye kumbukumbu wataujua.

Wakuu, salaam. Shikamoo zenu nimezipokea, maana wengi humu ni wajukuu zangu. Nimeishia darasa la nne, lakini haya yamenipata mimi mwenyewe. Nikiongopa, gimbi linikabe.

Mwaka huo nilianza kutoa damu chooni. Nikasema ni bawasiri, nikanywa mizizi miezi kadhaa. Ujinga wangu huo, msiuige.

Mjukuu wangu Zuhura, mtoto wa binti yangu, anafanya kazi maabara ya hospitali Dar. Nimembeba kwa mgongo huu, leo anavaa koti jeupe. Najivuna, na wa kukereka akereke.

Yeye ndiye aliyenishusha mlimani, tukapanda basi stendi ya Msamvu, nikaenda kupimwa Dar. Kansa ya utumbo mpana. Wakanipasua, wakatoa uvimbe mkubwa kama limau.

Kumbe uvimbe hawautupi. Wanaukata vipande vyembamba kama ganda la kitunguu, wanavipaka rangi, wanatafuta protini zilizomo. Mimi protini najua ni dagaa.

Daktari, binti mdogo mpole, akanieleza. Zipo protini ambazo zikiwepo, au zikikosekana, zinawaonyesha dawa ipi itafaa. Tena zinawasaidia kukadiria mgonjwa ana nafasi gani ya kuishi miaka inayokuja.

Hapo moyo ukarudi nyuma.

Nilikuwa na dada yangu, Mwanahawa. Tulilima pamoja shamba la mama yetu, maana sisi Waluguru ardhi inapita kwa mama. Mteremko mkali, unalima uso umeelekea juu. Nikichelewesha tuta ananirushia bonge la udongo mgongoni: "Hivi wewe, mume alikuoa gizani?"

Saa nne tunafukia magimbi kwenye majivu, tunakula kwa chumvi na pilipili, ukungu unapanda kutoka bondeni. Mpaka leo nikinusa gimbi lililoungua namsikia akicheka.

Dada akaugua tumbo. Mtu mmoja akawaambia ndugu, huyu hamalizi mwaka.

Ndugu, kwa huruma zao, wakamnyang'anya jembe, wakamkalisha mkekani. Mjomba, mwenye sauti katika ukoo, akaja kugawa matuta ya dada, naye angali hai. Dada anakaa mlangoni, anamtazama mtu mwingine akilima tuta lake.

Akamaliza mwaka. Akamaliza na wa pili.

Miaka miwili yote hiyo mpaka tukamzika, wakuu, hakuna aliyempa hata mbegu. Siku moja akaniambia, "Mdogo wangu, hata maharage ya kuchambua hamnipi?"

Sikumpa. Nilimwambia, pumzika dada. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko mshono wa tumbo.

Basi majibu ya protini yalipotoka, tuko chumbani kwa daktari: mimi, Zuhura na mwanangu Athumani. Daktari akauliza kama nataka kujua yote.

Athumani akadakia, "Mwambie tu, daktari. Mama, lazima tujue, tujipange."

"Mjipange nini, kukodi masufuria?"

"Mama, usiseme hivyo bwana."

Zuhura ndiye aliyeshika karatasi. Keshaisoma, namjua. Na shamba langu nikifa ni la mama yake, kisha lake. Nikamwambia yeye:

"Nisomee dawa, siku zangu usinisomee."

Akafunika sehemu ya chini ya karatasi kwa kiganja. Akasoma dawa, mizunguko mingapi, na lini nirudi. Athumani akatoka nje.

Dawa nilimaliza zote. Vidole vilikufa ganzi, maji ya baridi yakawa kama miiba. Nikarudi mlimani. Nalima matuta machache, nikichoka nakaa. Athumani aliposema jembe aliweke darini, nilimwambia aliweke, na yeye akae huko huko.

Nilichojifunza ni hiki. Damu chooni si siri ya kutunza, kapimweni mapema. Sisemi vipimo vya protini ni vibaya, ndivyo vilivyonipa dawa. Anayetaka kujua siku zake aambiwe, haki yake. Ila aulizwe mgonjwa kwanza, ndugu wasubiri. Na mkishajua, mwacheni na jembe lake.

Nyie mliouguza, mlimwambia mgonjwa wenu? Alifanya nini baada ya hapo? Andikeni, nasoma polepole lakini nasoma.

Wataalamu wa humu msinifuate pembeni kuuliza protini zangu zilikuwaje mpate kunikadiria. Juzi Zuhura kaniuliza tena kama nimebadili mawazo, naye ni damu yangu, akajibiwa vile vile:

"Nisomee dawa, siku zangu usinisomee."