Shikamoo Iliyotupokonya Mpira

Leo nimeipotezea timu ya mjukuu wangu mpira, wala sikuwa mchezaji.

Nimerudi Njombe mwezi uliopita, baada ya miaka arobaini ugenini. Mjukuu wangu Tumaini huniita "mzee", kama angemwita yeyote njiani. Simlaumu, hanijui.

Leo walicheza kikapu Makambako. Wapinzani walikaa zoni, kila mmoja akilinda eneo lake, na wetu wakawa wanazungusha mpira nje tu. Wazee wenzangu, mngenyamaza?

"Tumaini! Mmoja aingie katikati!"

Akasimama na mpira mkononi, akanigeukia, akakunja goti kama alivyolelewa.

"Shikamoo, babu!"

Mara ya kwanza kuniita hivyo. Mpira ukaporwa, tukafungwa, uwanja mzima ukacheka.

Lakini baadaye walijaribu nilichosema. Mpira ukaingia katikati, walinzi wakamkimbilia aliyeupokea, naye akampa Tumaini aliyebaki peke yake pembeni. Akafunga!

Tumeshindwa kwa pointi mbili. Najua zimetoka wapi.

Tumaini akanijia akihema. "Babu, kesho uje mazoezini. Ila uwahi, tukusalimie kabla hatujaanza."