Kasha la Chuma la Wifi

Chumba chetu cha kufungashia kilikuwa na wanawake wawili, na wivu wa mmoja ulitosha jengo zima. Mimi nilikaa mlangoni na kipima mionzi, kuhakikisha kila mzigo uko salama kabla haujapanda gari.

Mama Katoni, kama tulivyomwita, alifungasha dawa za hospitali zenye mionzi. Kichupa kinaingia kwenye kopo zito la madini ya risasi, kopo kwenye sponji, sponji kwenye katoni ngumu inayohimili mvua na kuanguka. Ngumu, sawa, lakini katoni ni katoni. Wifi yake, dada mdogo wa mumewe, alikabidhiwa kasha la chuma la mionzi mikali, lililoundwa kuhimili hata moto na ajali kubwa. Bolti zake hukazwa moja huku, inayofuata upande wa pili, mpaka zikaze barabara na spana ilie ta!

Ile ta ilimchoma Mama Katoni rohoni.

"Huyu nimemleta mimi hapa," aliniambia. "Spana nimemfundisha mimi. Leo yeye ndiye fundi, mimi nabandika gundi!"

Nilipopima kasha, alisimama mgongoni kwangu akiomba livuje.

"Rudia hapo kwenye kifuniko, kaka. Usimwonee haya."

Nikarudia. Halikuvuja, naye akanuna mpaka jioni.

Asubuhi moja wifi akaja bila ovaroli. Hakuvuka mstari wa njano wa eneo la mionzi, alinyoosha tu mkono na spana.

"Shika, wifi. Kasha ni lako kuanzia leo."

"Umefukuzwa?" Furaha ilimponyoka Mama Katoni kabla hajaizuia.

"Sijafukuzwa. Mjamzito haruhusiwi humu." Akainamisha macho. "Nilitaka habari hii uisikie kwangu, kabla mama mkwe wako hajaitangaza nyumba nzima."

Mama Katoni alikuwa kwenye ndoa miaka mingi, na mtoto hakuwa amepata. Alimpa wifi yake hongera, meno yote nje. Kisha akaliendea kasha, akakaza bolti vizuri kuliko yeyote niliyewahi kumwona. Nikapima. Safi kabisa.

"Hongera, fundi," nikamwambia. "Si ndilo ulilolililia?"

Hakunitazama. Macho yalikuwa dirishani, kwa wifi yake aliyekuwa akivuka uwanja taratibu, mkono tumboni.

"Chukueni kasha lenu," akasema. "Nipeni kile alichoondoka nacho."