Leso ya Bibi wa Kizungu

Nimejisifu miaka hapa bomani Dodoma kwamba Kijerumani kwangu ni ugali na mlenda, hushuka bila kutafuna. Juzi kilinikwama.

Wajerumani waliigiza mchezo uani: jemadari mweusi kaoa mwanamke mweupe, na wenye chuki wanamchongea mkewe. Niliomba nafasi ya jemadari, maana rangi ninayo tayari. Bwana mkubwa akasema mweusi hamgusi bibi wa Kizungu. Wakampaka daktari wao masizi ya sufuria, mimi nikawekwa pembeni niwatafsirie wazee wa Kigogo.

Ikafika habari ya kitambaa cha mkono cha yule mke. Nikatamka kwa madaha, "Leso ya bibi imekutwa kwa mwanamume mwingine, na mumewe anaapa kumuua."

Wazee wakaguna. Leso wanayoijua wao ni ile wanayojifunga kifuani wake za wafanyabiashara wa mjini.

Mzee Chiwanga akasimama. "Kama nguo yake imebaki huko, mume arudishiwe ng'ombe zake, yaishe."

Bwana mkubwa akasimamisha mchezo, akataka kujua mzee kasema nini. Nikamweleza. Akaiva uso, akatoa kitambaa mfukoni, akapenga kamasi mbele ya wote. "Leso hii, mpumbavu wewe."

Mzee akakitazama kitambaa, akamtazama daktari, ambaye jasho lilishamchuruzisha masizi hadi shingoni.

"Mwanangu," akaniambia, "mwambie bwana, mweusi wa kweli haui mke kwa kitambaa cha makamasi."

Bwana mkubwa akanigeukia, akingoja tafsiri.